Tupeni namba ya farasi jike: barua ya wazi kwa wapanga viwango vya chakula cha mifugo

Kwa wanaopanga viwango, wakaguzi wao, wakuu wa maabara za mifugo, na wenye viwanda vya kusaga chakula cha mifugo.

Waheshimiwa,

Namba ninayoomba ni kikomo cha sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na kuvu, kwenye chakula cha farasi jike. Nianze na kilichonifikisha hapa. Jike wangu Shani alifika siku ya 340 ya mimba akiwa mzima, anakula, anatembea, tumbo limeshuka. Tukasema ni wiki hii. Wiki ikapita. Kuanzia siku ya 350 nikawa nalala juu ya magunia nje ya banda lake. Siku ya 358 nilipiga magoti nikakishika kiwele chake kwa mara ya kumi tangu asubuhi, kikawa vilevile: kimenywea kama cha jike ambaye hajawahi kuzaa, na mwenyewe ameshazaa mara tatu. Kwa kawaida kiwele huanza kujaa wiki mbili hadi sita kabla ya kuzaa, na siku chache za mwisho chuchu hutoa matone yanayoganda kama nta. Kwa Shani sikuona nta wala dalili ya nta.

Usiku wa siku ya 361 uchungu ukamshika. Kinachotakiwa kutangulia ni utando mweupe, mwembamba, unaoonyesha kwato kwa ndani kama kitu kilichofungwa kwenye nailoni. Kilichotangulia kilikuwa chekundu, kizito, chenye mguso wa mahameli. Aliyewahi kukesha na farasi wazaao anajua maana yake: kondo limebanduka kabla mtoto hajatoka, na mtoto aliye ndani hana tena pa kupata hewa. Hapo hakuna kusubiri daktari wa mifugo afike. Nilipasua kwa mkasi, tukavuta. Mtoto alitoka mkubwa, mifupa mirefu, misuli hafifu, manyoya marefu, kwato zimekua kupita siku zake. Mtoto wa farasi mwenye afya husimama katika saa moja hivi, na kabla ya saa mbili kwisha ameshanyonya. Huyu hakusimama. Na hata angesimama, angenyonya nini? Tulikuwa na dang'a ya jike mwingine kwenye friza, tukaiyeyusha taratibu, akapewa kwa mpira wa puani. Aliishi saa thelathini.

Asubuhi tuliliweka kondo kwenye mizani. Kondo la farasi huwa takriban asilimia 11 ya uzito wa mtoto. Kwa mtoto wa kilo hamsini ungetarajia kilo tano na nusu hivi. La Shani lilivuta kilo tisa, limevimba, limejaa maji.

Nikaenda stoo ya hei. Nilifungua robota moja, la pili, la tatu, nikawa napekua masuke kwa vidole. Katikati ya mbegu za nyasi palikuwa na punje nyeusi zenye rangi ya zambarau, zimepinda kidogo, ndefu kuliko mbegu zenyewe. Nilimpigia aliyetuuzia, akaja, akatazama, akacheka: "Mavi ya panya hayo." Nikachukua wembe nikaikata moja mbele yake. Ndani ilikuwa nyeupe inayoelekea kijivu. Mavi ya panya hayana moyo mweupe. Hiyo ni ergoti, kuvu inayoingia kwenye ua la nyasi au la nafaka na kukaa mahali pa mbegu.

Nilipeleka punje hizo maabara, pamoja na hei na kipande cha kondo kwenye barafu. Jibu lilikuja kwa sentensi mbili. Kondo halina vijidudu vinavyotupisha mimba. Na kuhusu chakula, maabara inapima aflatoksini peke yake, sumukuvu moja tu kati ya nyingi, na aflatoksini haikuonekana. Kwa hiyo, waheshimiwa, sina karatasi ninayoweza kumwonyesha mtu nikasema hiki ndicho kilichomuua mtoto wa Shani. Nina kiwele kikavu, siku 361, kondo la kilo tisa na chupa ya punje nyeusi. Barua hii naiandika kwa sababu ya karatasi hiyo nisiyokuwa nayo.

Nilianza kuvisoma viwango. Nimevisoma kama mtu anayetafuta jina la nduguye kwenye orodha ya waliofaulu, mstari kwa mstari, halafu nikarudia nikidhani macho yamenidanganya. Chukueni zearalenoni, sumukuvu inayojifanya homoni ya kike. Nitairudia hapa chini. Tume ya Ulaya ilipotoa mapendekezo yake mwaka 2006 iliwapa watoto wa nguruwe na nguruwe majike wachanga kikomo cha miligramu 0.1 kwa kilo ya chakula. Nguruwe wazazi na wa kunenepesha wakapewa 0.25. Ndama, ng'ombe wa maziwa, kondoo na mbuzi, 0.5. Farasi hayumo. Mwaka 2016 mapendekezo yale yakarekebishwa, wakaingizwa mbwa na paka, tena kwa uangalifu unaostahili kusifiwa: wale wa kuzalishwa 0.1, wakubwa wasiozalishwa 0.2. Yaani kuna aliyekaa kwenye kikao akafikiria mimba ya paka. Farasi jike bado hayumo.

Msiseme farasi walisahaulika kabisa, maana hati ileile inawataja mahali pengine. Kwenye fumonisini, sumukuvu nyingine ya mahindi, wana namba yao, miligramu 5 kwa kilo. Marekani nayo mwaka 2001 iliweka 5 hiyohiyo kwa mahindi ya farasi, na ikaongeza kwamba mahindi hayo yasizidi asilimia 20 ya mlo. Kwa nini fumonisini ikapata namba haraka hivyo? Sumu hiyo ilitambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988, miaka kumi na mitatu baadaye kikomo kikawa mezani. Jibu ni kwamba fumonisini huyeyusha ubongo wa farasi. Farasi aliyekula mahindi yenye sumu hiyo huzunguka bandani, husukuma kichwa ukutani, hupofuka, hufa kwa siku chache, mara nyingine kwa saa. Kila mtu anaona. Kuna mzoga, kuna picha, kuna mwenye mali anayepiga simu kwa hasira.

Aflatoksini ndivyo ilivyoanza pia. Mwaka 1960 kule Uingereza batamzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa karanga zenye ukungu, ulimwengu ukashtuka, na leo maabara nyingi hata ndogo zina kipimo cha aflatoksini. Mnahesabu mizoga. Yai lililoshindwa kupevuka halina mzoga. Mimba iliyoyeyuka siku ya ishirini haiachi kitu juu ya majani, jike anarudi kwenye joto, na mwenye farasi anaambiwa "hakushika, mrudishe kwa dume."

Sasa zearalenoni. Hutengenezwa na kuvu za jamii ya Fusarium, hasa Fusarium graminearum, kwenye mahindi, ngano, shayiri, oti, na hata kwenye malisho. Umbo lake linaingia kwenye vipokezi vya estrojeni kama mgeni aliyevaa sare ya mwenye nyumba: mlinzi anafungua geti bila kuuliza. Wafugaji wa nguruwe waliona athari zake kabla kemia haijaipa jina, tangu miaka ya 1920: nguruwe wachanga wanavimba uke kama wako kwenye joto ilhali hawajafika umri. Kemia iliipata mwaka 1962. Huko New Zealand wamejua muda mrefu kwamba zearalenoni ya kwenye malisho inapunguza kushika mimba kwa kondoo, nao hawakuwa wanakula nafaka yoyote, walikuwa wanachunga tu.

Na farasi? Kuna ripoti ya mwaka 1983 kuhusu farasi waliolishwa chenga za mahindi zenye zearalenoni kiasi cha miligramu 2.6 kwa kilo. Majike walivimba uke, wengine uke ukatoka nje, mfuko wa uzazi ukawa mkubwa kupita kiasi. Mwaka 2006 watafiti walichukua chembe zinazolizunguka yai kwenye ovari za farasi, wakazikuza maabara, wakaziwekea zearalenoni na sumu zinazotokana nayo. Zilivurugika katika kuzaliana na katika kufa kwazo. Chembe hizo ndizo zinazolilea yai mpaka linapevuka.

Nataka niwe mkweli kwenu, kwa sababu najua mtu wenu wa takwimu ataniletea jaribio la 2001. Nimelisoma. Majike wachache walipewa miligramu 7 za zearalenoni kwa siku, kwa siku kumi hivi, na urefu wa mzunguko wao haukubadilika. Sawa. Lakini tupige hesabu ya bandani. Farasi wa kilo 500 anakula kilo kumi hivi kwa siku, hei na nafaka kwa pamoja. Miligramu saba kwa kilo kumi ni 0.7 kwa kilo, na kwa siku kumi tu. Jike wangu hali gunia moja kwa siku kumi halafu akaacha. Anakula shehena ileile msimu mzima, kuanzia anaposubiri dume hadi mimba imekomaa. Jaribio lile limetuambia kwamba dozi ndogo kwa muda mfupi haikugusa urefu wa mzunguko. Halikutuambia lolote kuhusu miezi sita. Na kama kweli farasi ni mgumu kuliko nguruwe, basi apewe namba kubwa kuliko ya nguruwe. Namba kubwa ni namba. Tulicho nacho sasa ni nafasi tupu, na kwenye nafasi tupu kila mzigo unafaulu.

Mzigo wenyewe, mnajua unatoka wapi. Nguruwe wana kikomo, ng'ombe wa maziwa wana kikomo, mbwa wa kuzalishwa ana kikomo. Mahindi yakikataliwa kwao yanatafuta mnyama asiye na mlango wa kufungiwa. Chenga, vumbi la mashine na pumba ndizo zinazobeba sumu nyingi kuliko punje nzima, na farasi ndiye anayepewa pumba "kwa ajili ya tumbo." Simtuhumu mtu. Nasema mlango uko wazi, na ninyi ndio wenye funguo.

Kwenye ergoti hali ni ya ajabu zaidi, kwa sababu huko elimu ipo, dawa ipo, na bado tunazika watoto. Marekani, jimbo la Kentucky, mwaka 1931 nyasi moja aina ya feskyu ilionekana ikistawi kwenye mteremko wa shamba, ikachukuliwa, ikajaribiwa, na mwaka 1943 ikatolewa kwa wakulima kama aina rasmi. Ikaenea kila upande, maana inavumilia ukame, kukanyagwa na uvivu wa mwenye shamba. Ng'ombe wakaanza kuchechemea na kuzubaa kwenye jua kali, na majike wa farasi wakaanza kupitisha siku zao, kuzaa watoto wakubwa walio dhaifu, na kukosa maziwa. Ilichukua hadi 1977 ndipo ikahusishwa na kuvu inayoishi ndani ya jani lenyewe, haionekani kwa macho, haina harufu, haifanyi jani kuwa na doa. Miaka thelathini na minne! Na kuvu hiyo ndiyo iliyokuwa inaipa nyasi uvumilivu wake, kwa hiyo iliyosifiwa na iliyolaumiwa ilikuwa kitu kimoja.

Sumu za feskyu na za ergoti ni za ukoo mmoja, zote zinajifanya dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kupeleka ujumbe. Mwili wa jike una utaratibu wake: karibu na kuzaa prolaktini, homoni ya maziwa, inatakiwa ipande ndipo kiwele kijae, na dopamini ndiyo inayoikandamiza prolaktini. Sumu inapokaa kwenye kiti cha dopamini, ubongo unaendelea kusikia "bado, bado," mpaka siku mtoto anazaliwa na kiwele hakijapata habari. Kusini mwa Brazil mambo haya yaliandikwa mwaka 1988: majike waliokula oti yenye ergoti walikosa maziwa na watoto wakafa siku zao za mwanzo. Niliposoma habari hiyo, nilisimama nikatoka nje kidogo. Ilikuwa kama mtu amekaa bandani kwangu na daftari.

Ushauri unaotolewa kwenye maeneo ya feskyu ni mfupi: jike aondolewe kwenye malisho hayo ifikapo siku ya 300 ya mimba, au mapema zaidi. Anayeshindwa kumwondoa anaweza kutumia domperidoni, inayozuia sumu isikalie kiti hicho. Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa majike mwaka 2010, na huanzishwa siku kumi hadi kumi na tano kabla ya tarehe ya kuzaa. Sote tunajua hayo. Lakini anayetakiwa kumwondoa jike siku ya 300 ni yule anayejua kwamba chakula kina sumu. Mimi nilijua siku ya 362.

Mtasema ergoti ina kikomo tayari. Ndiyo, Ulaya wana gramu moja ya ergoti kwa kilo ya chakula chenye nafaka isiyosagwa. Isomeni tena hiyo sentensi polepole. Nafaka isiyosagwa. Ikishasagwa na kushindiliwa kuwa vidonge, punje nyeusi haihesabiki tena, na sumu haikuondoka na umbo lake. Hei haimo kabisa. Halafu punje mbili za ergoti zenye uzito sawa zinaweza kubeba sumu tofauti sana, kwa hiyo hata unapozihesabu unapima ganda. Kinachotakiwa kupimwa ni alkaloidi, yaani sumu zenyewe za ergoti, kwenye nafaka, kwenye vidonge, na kwenye hei.

Niseme pia neno kwa wenye viwanda, kwa sababu tuna ugomvi wa siku nyingi na sipendi kuuficha. Kila ninapolalamika ninaletewa karatasi yenye hesabu ya ukungu: vimelea kadhaa kwa gramu, chini ya kikomo, chakula salama. Hesabu ya ukungu inahesabu kuvu iliyo hai. Joto la mashine ya vidonge linaiua kuvu, halafu sumu yake inabaki palepale. Zearalenoni haitishiki na joto hilo. Mwizi ameshaondoka na mali, ninyi mnapima nyayo. Na kinyume chake ni kweli pia: chakula kinaweza kuota ukungu wa kijani unaotisha na kisiwe na sumu yoyote ya uzazi, ingawa sitamlisha farasi wangu, maana mapafu yake nayo nayapenda.

Jibu la pili huwa ni "umehifadhi vibaya." Hili linaniuma. Naijua kazi ya kuhifadhi. Hei yangu haiingii stoo ikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 15, nafaka inakaa juu ya chaga, paa halivuji. Lakini Fusarium graminearum na ergoti huingia shambani, mvua inapokuta mazao yamechanua. Sumu inafika kwangu ikiwa imeshakomaa, ndani ya gunia lililoshonwa. Stoo safi haiondoi kilichoingia kabla ya mavuno. Kumlaumu mfugaji kwa jambo hilo ni sawa na kumlaumu mpishi kwa chumvi iliyotiwa na mvuvi.

Na kuna ule unga wa udongo unaouzwa wa "kufunga sumu zote." Udongo wa bentonaiti unaifunga aflatoksini vizuri, hilo halina ubishi. Kwa zearalenoni nguvu yake ni ndogo sana. Neno "zote" kwenye kopo lile halikupaswa kupita kwa mkaguzi yeyote aliye macho.

Sitaki mdhani kwamba nataka kila mimba iliyotoka ibebeshwe ukungu. Mwaka 2001 huko Kentucky majike wengi walitupa mimba kwa wakati mmoja, mashamba bora kabisa, na washukiwa wa mwanzo walikuwa sumukuvu za malishoni. Wakapima, wakapima tena. Mwishowe ushahidi ukaelekea kwa viwavi wa mti wa cheri waliojaa malishoni mwaka ule, majike wakawa wanawameza pamoja na majani. Waliofika kwenye jibu hilo walifika kwa sababu walikuwa na vipimo vya kuiondoa sumukuvu kwenye orodha. Mimi kwa Shani sina cha kuithibitisha wala cha kuiondoa. Nina "aflatoksini haikuonekana."

Ninachoomba, basi. Kwanza kabisa namba ya zearalenoni kwa chakula cha majike wanaopandishwa na wenye mimba. Mkikosa pa kuanzia, anzeni na 0.25 ya nguruwe mzazi, mwandike wazi kwamba ni ya muda, na mwombe utafiti wa farasi wenyewe, wa msimu mzima na si wa siku kumi. Utafiti ukionyesha farasi anavumilia zaidi, ipandisheni. Sitaandika barua nyingine. Jike wa farasi ana joto kwa msimu, mzunguko wake ni wa siku 21 au 22, na akipoteza mizunguko mitatu ameshapoteza mwaka. Nguruwe akikosa leo anarudi wiki tatu baadaye, mwaka mzima. Kwa hesabu hiyo aliyestahili kutangulia kwenye foleni alikuwa nani?

Gunia lililoandikwa "kwa farasi wazazi" liandikwe pia lilipimwa sumu gani na lini. Lina protini, lina mafuta, lina nyuzinyuzi, lina picha ya mtoto wa farasi anayerukaruka. Nafasi ipo. Na upimaji uwe wa haki: sumukuvu haitawanyiki sawasawa kama chumvi kwenye supu, inakaa kwa mafungu, kona moja ya shehena imejaa na nyingine ni safi. Konzi moja kutoka juu ya lundo ni bahati nasibu. Chukueni kidogokidogo kutoka sehemu nyingi, changanyeni, sageni, ndipo mpime.

Halafu kuna sampuli za akiba, na hapa naomba mnisikilize kuliko penginepo. Mimba ya farasi ni miezi kumi na moja. Chakula alichokula jike wiki ambayo kijusi kilikuwa kinahangaika kujitambulisha kwenye mfuko wa uzazi kitahukumiwa karibu mwaka mmoja baadaye, siku mtoto anapozaliwa au asipozaliwa. Kiwanda kikitupa sampuli ya shehena hiyo kabla jike hajazaa, ushahidi umetupwa kabla kosa halijaonekana. Sampuli ya chakula cha majike wazazi ikae miezi kumi na minne, pakavu, na namba ya shehena ikiwa juu yake. Haihitaji mtambo, ni rafu na kalamu.

Kwa wakuu wa maabara: kondo likija na chakula, vipokeeni kama kesi moja. Leo kondo linakwenda dirisha hili kutafutwa vijidudu, chakula kinakwenda dirisha lile kutafutwa aflatoksini, na madirisha hayo mawili hayasalimiani. Pimeni zearalenoni, alkaloidi za ergoti, na deoksinivalenoli, sumukuvu nyingine inayopenda kusafiri na zearalenoni kwa kuwa kuvu inayozizaa ni ileile. Kama hamna mtambo, semeni hamna, mtuelekeze ulipo. "Haikuonekana" kwa kitu ambacho hakikutafutwa kinatupotezea mwaka.

Shani ameshika tena. Leo ni siku ya 212. Hei nimebadilisha, na kila robota nalifungua juani nikapekua masuke kwa vidole kabla halijaingia bandani. Kazi ya saa nzima kila siku, na macho yangu si ya kijana. Pumba nimeacha. Vidonge bado anakula, kwa sababu mimba ya miezi saba haiishi kwa nyasi peke yake, na kwenye gunia lake pameandikwa protini, mafuta na nyuzinyuzi.

Chupa ya punje nyeusi iko kwenye rafu juu ya friza ya dang'a, imefungwa vizuri, ina tarehe. Atakayekuwa na mtambo wa kuzipima anijulishe, nitazileta mwenyewe. Siku ya 300 itafika baada ya siku 88.

Wenu,
Mlezi wa farasi majike